Pumzi ya Mjomba

Mama yangu hakupanda gari la mtu yeyote kabla ya kunusa pumzi ya dereva. Aliyeteseka zaidi na desturi hiyo alikuwa mdogo wake mwenyewe, mjomba wetu, aliyeendesha lori la mfanyabiashara mmoja Mgiriki kutoka bandari ya Kalundu hadi mashamba ya pamba na mpunga ya bonde la Ruzizi. Mama alikuwa akipeleka magunia ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, kuuza Bwegera alikozaliwa, na kurudi na mchele. Magunia yakishapakiwa, alipanda ngazi ya mlango wa dereva, akashika dirisha na kusema neno moja tu.

"Pumua."

Mjomba aliangalia huku na huku. "Dada, watu wanatuona."

"Waone. Pumua."

Basi mjomba alimpulizia usoni kama mtu anayewasha makaa, na mama akafumba macho kama anayeonja mchuzi. Mara nyingi alizunguka upande wa pili na kupanda. Siku nyingine alishuka kimya na kuamuru magunia yake yateremshwe. Siku hizo wapakizi wa bandarini walicheka hadi wakakaa chini. Mmoja alikuwa akisema kamyo, yaani lori, imeanguka mtihani leo, irudie darasa. Mjomba alijibu kwamba hata polisi ya Wazungu haikumfanyia hivi, kisha akaondoka peke yake kwa hasira, akipiga honi mpaka kona.

Sababu ya desturi hiyo mama alitueleza mara moja. Alipokuwa msichana aliona lori la pamba limepinduka kwenye mto wa Kiliba. Wanawake waliokuwa wamekaa juu ya marobota walikuwa chini ya marobota. Dereva alitoka mzima, akakaa ukingoni mwa mto na kuanza kuimba. Mama hakutuambia walikufa wangapi, wala wimbo ulikuwa upi. Alisema tu kwamba mtu yule hakuwa mbaya, na kwamba alikuwa na sauti nzuri.

Uhuru ulipokuja, Wazungu wengi walivuka mpaka wa Kavimvira kwenda upande wa pili. Mgiriki naye akavuka, akamwachia mjomba ufunguo na ahadi ya kurudi. Afisa aliyekuwa akiwapima watu kabla ya kuwapa permi ya kuendesha aliondoka pia, na kwa muda mrefu hakuna aliyekaa kwenye kiti chake. Malori yalikuwa yamebaki, mizigo imebaki, madereva waliofundishwa walikuwa wachache. Watu waliokuwa wakiosha magari wakawa madereva. Nilimwona kijana mmoja aliyefunga kipande cha ubao kwenye kanyagio kwa sababu mguu wake haukufika. Na furaha ilikuwa nyingi, lazima niseme hivyo, sitaki kuandika kana kwamba ilikuwa huzuni tupu. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa mchana kweupe mbele ya ofisi ambazo zamani tulizipita tukiwa tumevua kofia. Nani angemwambia mtu aache?

Magari yakaanza kuanguka. Leo Sange, kesho karibu na Kavimvira. Watu walisema kuna shetani wa madaraja aliyekuwa akiogopa Wazungu na sasa yuko huru kama sisi. Mama aliuliza kama shetani huyo anakunywa kasiksi, maana kila akitokea dereva ananuka.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa kwenye lori la mjomba tangu shule yake ilipofungwa. Kazi yake ilikuwa kuzungusha manivela, ule mkono wa chuma, asubuhi ili injini iwake, na kuruka chini lori linaposimama mlimani aweke kigingi nyuma ya gurudumu, ule ubao mzito uliochongwa pembe tatu. Siku zisizo na mzigo mjomba alimwachia usukani kwenye uwanja wa bandari, azunguke kati ya mapipa. Mama alijua. Alisema uwanjani azunguke anavyotaka, lakini njia kuu itamsubiri mpaka aote ndevu. Mdogo wangu alijipaka masizi kidevuni na kuja kumwonyesha. Tulicheka. Umri wake niliujua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilianza shule kwa masista mwaka aliozaliwa, na nikitoka shuleni nilimbeba mgongoni. Hakuwa amefika miaka kumi na saba.

Mama alikufa mwishoni mwa kiangazi kimoja, si muda mrefu baada ya uhuru. Ilikuwa homa. Baba alikuwa amekufa zamani, na mume wangu alikuwa safarini na boti upande wa kusini, hivyo nilikuwa mimi, mdogo wangu, na mtoto wangu wa kwanza ambaye alikuwa bado ananyonya. Ukoo wa mama ulitaka azikwe Bwegera. Mjomba ndiye angempeleka, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza.

Kwetu, mtu atakayembeba marehemu kumrudisha kwao lazima anyweshwe na wafiwa kabla ya kuondoka. Ni namna ya kumwomba asimbebe kama mzigo wa sokoni. Zamani wabebaji walikuwa wengi. Walikwenda kwa miguu wakibadilishana mabega, kibuyu kiligawanywa kwa wote, na jasho la njia lilikausha pombe kabla hawajafika mbali. Malori yalipokuja desturi haikubadilika. Ila sasa mbebaji alikuwa mtu mmoja, na kila nyumba ilileta kibuyu chake, na kukataa kibuyu cha nyumba ni kukataa machozi yao. Juu ya hayo mjomba alikuwa mfiwa. Waliokuja kumpa pole kwa ajili ya dada yake nao walikuja na kitu mkononi.

Tangu kulipopambazuka nilimwona amekaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango, akipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akishukuru, akinywa. Hakuwa anajifurahisha. Alikuwa akilia na kunywa, na kila aliyempa alimwona akinywa akaridhika. Seremala wa bandarini alipomaliza kupigilia sanduku, mjomba alisimama, akashika ukuta.

Nilikwenda kwa baba mkubwa, kaka ya marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyeongoza msiba. Nilipiga magoti. Nilimwambia mjomba amechoka, mdogo wangu aendeshe.

Baba mkubwa hakukasirika. Alinijibu kwa upole kama anayemjibu mtoto aliyeuliza mbona jua haliliki. "Mama yenu si gunia ya pamba. Abebwe na mutoto ambaye hajaoa?"

"Baba mkubwa, huyu hajakunywa."

"Kweli hajakunywa. Hakupewa kwa sababu si mubebaji."

Wazee wengine wakasema mjomba akinywa ndipo anaendesha vizuri, mkono unalainika. Na lori lenyewe linajua njia. Mjomba aliposikia alikuja akaweka mkono wake kichwani pangu. "Usiogope, mama. Hii njia minye naijua kuliko kitanda yangu." Alikuwa akiniita mama tangu nikiwa mdogo, kama wajomba wanavyowaita watoto wa dada zao. Pumzi yake ilinifikia kabla ya maneno yake. Sikuhitaji kumwomba apumue.

Tukaondoka. Baba mkubwa alikaa mbele na mjomba. Sisi wanawake tulikaa nyuma kuzunguka sanduku, mtoto wangu mgongoni, na mdogo wangu alisimama mwishoni akiwa na kigingi chake miguuni. Kupita mjini Uvira hapakuwa na shida. Mjomba aliendesha polepole mno, watu wakivua kofia. Baada ya Kavimvira njia ilifunguka, bonde likawa tambarare mbele yetu, na lori likaanza kukimbia.

Nilikaa nikiangalia nyuma, alama za magurudumu kwenye vumbi. Mtu akiendesha sawasawa, alama hukaa kama reli. Za mjomba zilikwenda kushoto, zikarudi, zikaenda tena, kama mtu anayefuata kitu kilichoanguka kutoka mfukoni. Nilimtazama mdogo wangu, naye alikuwa akizitazama hizo hizo. Wanawake walikuwa wakiimba. Nilijaribu kuimba nao nikashindwa. Nilikuwa nikisikiliza injini.

Karibu na Kiliba ng'ombe walikuwa wakivuka. Lori halikupunguza mwendo mpaka mwisho, kisha likaruka kando, gurudumu moja likaingia shambani, mashina ya pamba yakapiga ubavuni kama mvua ya mawe. Sanduku liliteleza likagonga magoti yangu. Tukarudi njiani. Mama mdogo wangu mmoja akasema marehemu anaaga mashamba yake, na wengine wakaitikia kwamba ndiyo, alipenda sana mashamba. Nilimshika mtoto wangu kifuani. Kila kitu ambacho lori lilifanya kilikuwa na maelezo, na hakuna aliyetaja pombe.

Pale Sange tulisimama. Ndugu wa huko walikuwa wakingoja njiani na vilio na vibuyu. Nilimwona mjomba, kupitia mbao za ubavu, akiteremka akipokea kwa mikono miwili.

Mbele ya Sange kuna mto wa Luberizi, na wakati ule daraja lilikuwa la mbao ndefu zilizolazwa juu ya magogo, mbili mbili, upana wa gurudumu. Kati yake palikuwa wazi, ukaona maji. Dereva aliye mzima alikuwa akilikaribia taratibu na msaidizi akitembea mbele kumwongoza kwa mkono. Niliwaza daraja hilo tangu Uvira. Nilihesabu miti ninayoifahamu. Lori lilikuwa linakimbia zaidi kuliko mwanzo, na alama nyuma yetu zilikuwa zikitembea njia nzima.

Niliinuka. Nilikanyaga miguu ya watu mpaka mbele, nikapiga paa la kabini kwa mkono wazi, nikapiga tena. Wanawake walinyamaza. Lori lilisimama kwa kutetemeka, na mdogo wangu kabla ya kitu kingine akaruka na kigingi.

Mjomba alitoa kichwa dirishani. Aliuliza kuna nini.

"Mama anakataa," nikasema.

Kwetu neno hilo halisemwi ovyo. Inajulikana kwamba marehemu anaweza kukataa safari. Sanduku linakuwa zito, wabebaji wanashindwa kuinua mguu, na lazima aulizwe ana neno gani na nani. Sikusikia sauti yoyote, na sanduku lilikuwa na uzito wake ule ule. Sikumwambia mtu kwamba nimesikia sauti. Nilisema mama anakataa kwa sababu nilikuwa nimemwona akikataa tangu utoto wangu, bandarini, na sikuona kwamba kufa kumembadilisha nia.

Baba mkubwa alishuka upande wake. Aliuliza anakataa nini. Nilimjibu kwamba mjomba anajua.

Mjomba alipanda nyuma kwa shida, mdogo wangu akimsukuma. Alisimama kando ya sanduku, mtu mkubwa, uso umelowa. "Anataka nini, mama?"

"Weye unajua anachotaka. Mupumulie."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alinitazama, nami sikuondoa macho. Kisha alipiga magoti, akaweka uso wake juu ya mbao, pale palipokuwa kichwa cha mama, akapumua. Alibaki hapo hapo ameinama. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Alipoinuka, alitoa kofia yake ya dereva, akamwekea mdogo wangu kichwani.

Baba mkubwa alianza kusema kwamba haifai, kijana hajaoa, ukoo utacheka. Mjomba hakumtazama. "Dada yangu amekataa," akasema. "Minye ni nani nimulazimishe?"

Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyoshika usukani kwenye njia kuu kwa mara ya kwanza, na mama yetu nyuma yake, akiwa bado hana ndevu. Sitaki mtu afikiri kwamba nilikuwa nimetulia. Niliogopa kwa namna nyingine. Mbele ya daraja injini ilimzimikia, akaiwasha, ikazimika tena, na lori likaanza kurudi nyuma. Aliyekimbia na kigingi alikuwa mjomba. Dereva mkubwa wa Kalundu, peku, akiyumba, amekumbatia ule ubao kama mtoto mchanga, akauingiza chini ya gurudumu na kukaa juu yake. Kisha alikwenda mbele, akasimama ng'ambo ya daraja na kumwita kwa mikono, taratibu, kulia kidogo, hapo hapo, njoo. Nilifumba macho. Nilisikia mbao zikilia chini yetu, moja baada ya nyingine, kisha nikasikia mchanga.

Tulifika Bwegera jua likiwa bado linaonekana. Tulimzika mama karibu na mashamba ya mpunga ya baba yake.

Habari ya safari ile ilienea. Kalundu walimpa mdogo wangu jina la utani, Shofere wa Marehemu, na walisema kwa heshima nusu na utani nusu kwamba yeye hata wafu wanamwamini. Watu walianza kumtafuta. Apeleke mchele, alete mgonjwa, apeleke maharusi. Mjomba alimwachia lori zaidi na zaidi. Mimi nilirithi pua ya mama. Kila asubuhi alipita nyumbani kwangu kabla ya kuondoka, akainama dirishani kwangu na kupuliza kabla sijasema kitu, wakati mwingine mdomo ukiwa umejaa muhogo makusudi. Hakuwahi kunuka pombe. Nilikuwa namwambia anuke hata mara moja ili nijue pua yangu bado inafanya kazi.

Kisha uasi ukafika Uvira. Sitaeleza mambo ya vita, wako waliosoma watakaoeleza. Nitasema tu kwamba vijana wenye silaha walichukua magari yote waliyoyakuta, na wengi wao walikuwa na umri wa mdogo wangu au chini yake. Walikuja Kalundu kuuliza nani anajua kuendesha. Mjomba alikuwa amejificha upande wa milimani. Mpakizi mmoja, yule yule wa utani wa mtihani, alisema kijana fulani anaendesha vizuri, alimpeleka mama yake Bwegera akiwa bado mtoto. Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa anamsifu. Wakamchukua, wakampa lori jingine, si la mjomba.

Mwanzoni alikuwa akipita na lori karibu na nyumba yangu, akipunguza mwendo, akitoa kichwa na kupuliza upande wangu kwa mbali huku akicheka. Nilikuwa nikikaa nje na kazi yangu tangu asubuhi ili nisimkose. Baada ya wiki kadhaa akawa anapunga mkono tu. Nilijiambia yuko na haraka. Nilijiambia mambo mengi.

Siku moja lori lilisimama kuchukua maji, akashuka, akaja uani. Alikuwa amekonda. Nilisimama kumpokea na kabla ya salamu nikamwambia apumue, kwa utani, kama siku zote. Aligeuza uso pembeni.

"Yaya," akasema, kama tunavyowaita dada wakubwa, "leo hapana."

Kisha alinieleza, akiwa bado anatazama ukuta. Kabla ya kila safari wananyweshwa wote, kikombe kimoja kinazunguka. Asiyekunywa anaambiwa anaogopa, au moyo wake uko upande mwingine. Alisema anakunywa kidogo. Alisema barabara ya ziwani, ile inayopanda ukingoni upande wa kusini, anaijua sasa hata akifumba macho. Niliposikia hivyo nilimkumbuka mjomba na kitanda chake. Nilimwomba akimbie usiku ule avuke mpaka. Alisema wakimkosa watakuja kwangu, akamtazama mwanangu aliyekuwa akicheza na kifuniko cha sufuria. Nilimfungia viazi vya kuchemsha kwenye jani. Akaenda.

Tangu hapo sikuwa nikilala vizuri wala kula vizuri. Sikuogopa risasi kama nilivyoogopa zile kona. Nikisikia injini kwa mbali nilisimama nikajaribu kujua kwa sauti yake kama mwendeshaji ni mzima.

Lori lilianguka asubuhi kwenye mteremko wa kusini, likabiringika mpaka kwenye mawe ya ufukweni. Wavuvi ndio waliowatoa. Mdogo wangu waliniletea kwenye mtumbwi wakamlaza uani kwangu. Alikuwa hana jeraha kubwa usoni. Watu walikuja, na kila mmoja alikuja na sababu. Wenzake walisema kuna aliyevunja mwiko wa dawa yao ya kuzuia risasi. Mwingine alisema ni ndege iliyopita juu ikawashtua. Breki zilikuwa mbovu. Njia ilikuwa na utelezi. Wazee wetu walisema ni wivu wa mtu, tangu kijana asiyeoa alipombeba marehemu walijua jambo hili litarudi.

Niliinama nikaweka pua yangu mdomoni mwake. Wanawake walidhani namuaga. Nilisikia harufu ya ziwa, na ya petroli, na chini yake ile niliyokuwa nikiitafuta kila asubuhi miaka yote ile bila kuipata.

Nilipoinuka, baba mkubwa alikuwa bado anaeleza habari ya wivu. Nilimwambia mbele ya watu, "Alikuwa amekunywa, baba mkubwa." Mama mdogo mmoja alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hivi havisemwi juu ya marehemu. Nilijibu kwamba sisemi kwa kumlaumu. Alinyweshwa, kama tulivyomnywesha mjomba.

Wako walioniuliza baadaye kama najuta kupiga lile paa. Nimelifikiria sana. Kama nisingepiga, asingejulikana kwa kuendesha, na wale vijana wangemchukua mtu mwingine. Kama nisingepiga, pengine sote tungekuwa chini ya daraja la Luberizi, na mwanangu mgongoni. Nikirudi kwenye siku ile, mkono wangu unapiga tena. Hilo ndilo ninalokaa nalo.

Hatukuweza kumpeleka Bwegera, njia ilikuwa imefungwa. Tulimzika Uvira, upande wa mlimani. Vita vilipopungua na njia kufunguliwa, ukoo ulikubali kwamba nichukue udongo wa kaburi lake nikauweke kwa mama. Mjomba alikuwa amerudi, nywele zimekuwa nyeupe ghafla, na alikuwa amelipata lori lake limeachwa Kavimvira bila vioo, akalitengeneza.

Kwa desturi yetu udongo wa kaburi ni sawa na marehemu, hivyo wazee walikusanyika tena uani na vibuyu vikaletwa. Nilisimama kando ya lori na fungu la udongo nimelifunga kwenye kitenge. Nilimwona mjomba akikalishwa kwenye kiti kidogo. Nilimwona akipokea kibuyu cha kwanza kwa mikono miwili. Alikishika hivyo, akakiangalia, kisha akakirudisha kwa baba mkubwa.

"Mutaninywesha nikirudi," akasema.

Wazee walinung'unika. Mmoja aliuliza kama machozi yao yamekuwa machungu. Aliinuka, akaja mpaka niliposimama, akavua kofia. Alikuwa mrefu kuliko mimi, ikabidi ainame. Sikuwa nimemwambia kitu. Alifumba macho akapumua, taratibu, pumzi ndefu, na nilisikia tumbaku na sombe, majani ya muhogo, ya jana.

Nilizunguka upande wa pili nikapanda. Udongo niliuweka mapajani. Chini, mbele ya kiti, kulikuwa na kile kigingi cha mdogo wangu, pembe moja imeliwa na magurudumu. Lori lilipoanza kutembea kikaanza kugonga huku na huku. Nikakiwekea miguu yangu juu, kikatulia, na tukaenda.